Waya Niliouunga Mimi

Kpando, Jumatano

Dada yangu Dzifa,

Pokea salamu zetu wewe, shemeji na watoto hapo Takoradi. Sisi tunajikongoja tu. Papa anakula akple kidogo ukimlazimisha, na miguu imeacha kuvimba.

Turubai na viti vya mazishi tayari. Kimebaki kijitabu cha kumkumbuka Mama, mchapaji anataka maneno yote Ijumaa, na unajua ukurasa wa kwanza ni wa mume wa marehemu. Papa alikataa katakata kumsimulia mtu aandike. Alisema Afi ni mke wake, ataandika mwenyewe. Mwanga wa simu unamuumiza macho, kwa hiyo akataka kisomeo chake cha vitabu vya kielektroniki, kile chenye herufi kubwa zisizong'aa.

Nikachomeka kibodi, haikuwaka. Kisomeo kile kinapokea umeme, hakitoi. Fundi mwenye akili angenunua kigawanyio cha USB chenye umeme wake. Mimi, fundi simu mzima wa sokoni, nikajitia ujuaji: nikakata nyaya mbili za USB, nikaziunga kwenye pawabenki. Taa ya kibodi ikawaka. Papa akaniita injinia, nikavimba kichwa.

Jumatatu alichapa kutwa, nami nikimsomea kila aya. Alivyomsifu Mama, nililia. Hayo ninayo, niliyanakili jioni. Jana akaniambia nikae nje, lililobaki ni lake na Mama.

Saa sita nilimpelekea maji. Kibodi inawaka, vidole vinakimbia, lakini maandishi hayasogei. Unajua kisomeo kikifa, ukurasa wa mwisho hubaki pale pale, na Papa anaona ukungu tu. Waya wangu uliingiza umeme ndani ukakiunguza.

Dada, sikusema. Niliona aibu, nikajidanganya kwamba nitakitengeneza. Nikamwacha achape saa mbili nyingine.

Alipomaliza aliniita. "Usinisomee hili, mwanangu. Lipeleke kama lilivyo. Miaka arobaini limenikaa kooni. Nimeweza mara moja, sitaweza tena."

Nimekifungua kisomeo. Ndani kumeungua kabisa. Kiooni pamebaki hivi: "Afi, jambo ambalo sikuwahi kukuambia ni"

Basi. Hakuna zaidi.

Amekuchagua wewe uyasome kanisani. Leo nimefika mlangoni kwake mara tatu kumwambia, nikarudi. Anaimba, Dzifa. Tangu Mama afariki hajaimba.

Barua hii nampa dereva wa basi. Njoo kabla ya Ijumaa, tumwambie pamoja. Wabusu watoto.

Mdogo wako aliyekosa,
Selorm