Masikio ya Fundi Jibril

Mwaka umetimia tangu tukutoe hapa nyumbani Luzira kwenda kukuzika, Mzee wetu Jibril, na waendesha boda bado wanapita mlangoni kukusalimia kana kwamba upo.

Ulikuwa mpole. Plagi uliipuliza kwanza kabla ya kuitazama, kama mtu anayepoza chai. Mtu akija na pikipiki inayotoa moshi mweusi, akitaka ukaze kabureta, ulimwambia, "Ssebo, bwana wangu, tuone filta ya hewa kwanza. Mtu akizibwa pua, unamtibu tumbo?" Ulitia filta mpya, kisha ndipo ukagusa skrubu ya kabureta, maana hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima ifuate. Watu wakasema, "Jibril ana masikio!"

Hukuwa nayo. Leo tunasema.

Miaka saba ya mwisho kelele za injini zilikuwa zimekuziba masikio kabisa, na maneno ya watu uliyasoma midomoni. Binti yako Lailah ndiye aliyesimama karibu na ekzosi akisikiliza, kitambaa mkononi. Akikikunja, ulifungua skrubu kidogo. Akikitupa begani, uliacha. Ulimwambia, "Mwanangu, hii ni yetu wawili. Na kibanda kitakuwa chako." Akaitunza siri. Hata mama yake hakumwambia.

Halafu ile Ijumaa ya ugonjwa wako alikuletea uji, akasimama nje ya pazia. Ulikuwa unampa mpwa wako Sadik ufunguo wa kibanda. "Lailah ataolewa," ulisema. "Kazi hii ya mwanamume." Ulisema kwa sauti kubwa, Mzee, kama wasemavyo wasiosikia. Uji ukapoa mikononi mwake.

Sadik si mtu mbaya. Ila pikipiki ikila petroli yeye hukaza skrubu tu, filta chafu akiiacha humo humo. Mwezi uliopita Barnabé, yule Mkongomani wa stendi yetu, alinunua filta mpya. Sadik akaitia, skrubu aliyokuwa ameikaza hakuilegeza. Hewa ikawa nyingi, petroli kidogo, injini ikawa inakohoa na kuchemka.

"Iko inazimika kila kona," Barnabé akalalamika. "Papa Jibril angesikia."

"Mzee amekufa na masikio yake," Sadik akajibu.

Lailah alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaitua. "Nipe bisibisi."

"Dada, huu si mwiko wa kusongea posho," Sadik akacheka. Lakini akampa.

Akafungua skrubu robo mzunguko. Akangoja. Robo tena. Injini ikatulia. Barnabé akaenda nayo mpaka Nakawa na kurudi. Plagi ilipotolewa ilikuwa na rangi ya kahawa, vile ulivyopenda.

"Nani alikufundisha?" Sadik akauliza.

"Mzee," akasema, akabeba ndoo yake.

Hakukuaibisha hata siku hiyo. Lakini usiku hakula. Asubuhi alimwambia mama yake yote, toka kitambaa mpaka pazia. Mama akasema, "Tarehe ya kifo chake ikifika, iandikwe."

Imeandikwa. Tumekuombea dua, na tumekukasirikia, na yote mawili ni kwa sababu ulikuwa wetu.

Tunaokukumbuka: mkeo Ruqayya, mpwa wako Sadik, mwenye ufunguo, na binti yako Lailah, masikio yako.

Mungu akurehemu. Kukusahau hatuwezi.