Wimbo Wako Jikoni

Kwako Kaka,

Nakusalimu kwa moyo wote, na pole tena na koo. Wifi ameniambia sauti ya kuongea inarudi kidogo kidogo, ila ubishi haukuwahi kuondoka. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakula, wanasoma, wanagombana.

Najua umenuna. Simu zangu hupokei, na wifi anasema ukinuna hata paka anahama nyumba. Basi nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikata nikiwa bado naongea.

Kwanza nikueleze wimbo wako ulivyoingia kwenye filamu yetu. Sisi wahariri tunapounganisha picha, muziki wake huwa bado haujatungwa. Kwa hiyo tunaweka wimbo wowote unaojulikana ushikilie nafasi, kama mtu anavyoweka mkoba kwenye kiti. Mimi niliuweka wako pale mjane anapoosha vyombo baada ya wageni wa msiba kuondoka. Nilimwambia mwongozaji ni wa muda tu.

Huyo mwongozaji ni mama mkali, hasifu hata chai. Alitazama mara moja akatoka nje, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mtunzi wetu wa muziki akapewa kazi ya kutafuta mbadala. Maskini, akaleta fidla ya huzuni, akaleta kinanda cha huzuni, na kila alicholeta kilimfanya yule mjane aonekane anaigiza. Mwishowe mwenyewe akasema amenyoosha mikono, aombwe mwenye wimbo.

Ndipo ofisi ikakupigia, nawe ukajibu kwamba uliimba watu wacheze harusini, si waoshee masufuria ya msiba. Ukasema wakishausikia kwenye filamu hiyo hawatacheza tena, na kwamba mdogo wako wa damu ndiye anayeuzika wimbo wako. Neno hilo liliniuma, Kaka. Lakini sikulaumu. Tangu upasuaji ule wa koo huimbi tena, na sauti yako yote imebaki ndani ya wimbo huo. Ningekuwa wewe, nami ningeukumbatia nisimpe mtu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yetu hajui. Kwenye maandishi ya filamu, mjane anaosha vyombo na kulia, basi. Mimi ndiye niliyekuta kipande ambacho mwigizaji, akidhani kamera imezimwa, anayumbayumba kidogo na sufuria mkononi. Wenzangu walitaka kukitupa. Mimi nilimtambua yule mwanamke.

Siku tuliyomzika shemeji yako, mlipoondoka wote, nilibaki na rundo la vyombo. Nikawasha redio ili nisisikie nyumba ilivyo kimya, nayo ikapiga wimbo wako. Nilikutukana, Kaka, tena kwa sauti. Nilikuchukia kwa kuwa na furaha siku kama ile. Halafu nikaona mguu wangu unacheza. Nikacheza, mikono imejaa povu, machozi yananitoka, mpaka wimbo ukaisha. Kabla ya hapo sikutaka kuamka kesho yake. Baada ya hapo nilimaliza masufuria, nikaenda kuwafunika watoto.

Nimeona aibu miaka yote hii. Mjane gani anacheza siku ya kumzika mumewe? Ndiyo maana nilinyamaza, hata uliponiuliza nilipata wapi nguvu. Nguvu nilizipata kwako.

Ukizidi kukataa, nitautoa kwa mkono wangu mwenyewe, na sitakuwekea kinyongo. Undugu wetu haukuanza na filamu. Ila sitaweka wimbo wa mtu mwingine. Pale patabaki kimya, maana siku ile jikoni hakuwepo mtu mwingine ila wewe.

Mpe wifi salamu zangu, na umwambie nguo alizowatumia watoto zimewatosha. Watoto wanamwamkia mjomba wao. Meza dawa bila kubishana na mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba