Jezi za Kubana Zinazoitwa Mtindo wa Tabora

Tabora, Alhamisi jioni.

Mawingu yamejaa tangu adhuhuri na mvua imekataa kunyesha. Joto ni kali, lakini si joto linalonisumbua. Leo nimesifiwa kwa kosa langu mwenyewe, na mpaka sasa sijui nicheke au nijifiche.

Bwana Rajabu aliingia asubuhi na treni ya Kigoma. Ni mfanyabiashara wa Usumbura, upande wa Wabelgiji, na ndiye aliyenunua mzigo wangu wa kwanza kuvuka mpaka: jezi za mpira za pamba nzito, shingoni zimetiwa darizi ya hariri kama kanzu ya sikukuu, na ndani ya ukosi kuna kijitambaa chenye jina langu. Hapa mjini vijana huzivaa siku ya fainali tu, halafu mama zao huzifungia sandukuni. Nilimwomba Mungu sana zifike mbali.

Zimefika. Hata chai hajanywa, Rajabu akafungua kifurushi na kunionyesha moja iliyokwisha kuchezewa na kufuliwa.

Nilitamani ardhi inimeze.

Jezi ilikuwa imerudi vibaya kwa maji, imesinyaa! Mikono niliyoikata ifike kwenye kiwiko sasa inaishia karibu na bega, na kifua kimekuwa cha mtoto wa madrasa. Nilielewa palepale. Hapa kwetu mteja huniletea kitambaa chake, na mkewe au mama yake huwa ameshakiloweka na kukianika nyumbani. Miaka yote mimi napokea tu na kukata. Jora la mzigo wa Usumbura nililinunua dukani mwenyewe, likatoka dukani likaenda moja kwa moja kwenye mkasi. Nani angeliloweka?

Nikaanza kuomba radhi, Rajabu akanikatiza.

"Fundi, una akili wewe! Umejuaje kama vijana wetu wanataka nguo ya kubana? Wanaiita mtindo wa Tabora. Nataka mzigo mkubwa zaidi, na mwenzangu wa Bukavu anazitaka pia."

Nikamweleza ukweli, kwamba si mkasi wangu, ni maji. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwake ni mamoja, mradi zibane.

Alipokwenda msikitini, mke wangu akatoka nyuma ya pazia na sindano yake mkononi. Darizi yote ni kazi yake.

"Baba Hamisi, nguo inayochora mbavu za mtu ndiyo unataka itembee na jina lako?" Akaichomeka sindano kwenye mtandio wake. "Lakini Bukavu ni mbali, eti?"

Nikajua naye amechanganyikiwa kama mimi.

Marehemu baba alinifundisha kwamba nguo nzuri humwachia mtu nafasi ya kurukuu na kusujudu. Hata jezi nimezikata kwa mkono huohuo, na wachezaji wa hapa hupenda upepo upite ndani. Nikimkatalia Rajabu, atampata fundi mwingine, na darizi yetu itaigwa bila jina letu. Nikikubali, jina langu litavuka ziwa likiwa limeshonwa ndani ya nguo ambayo nisingependa mwanangu Hamisi aivae.

Nilitaka Tabora ijulikane huko nje. Imejulikana, ila kwa kitu ambacho sikukikusudia, na watu wamekipenda kuliko kile nilichokihangaikia miaka yote.

Inauma. Na katikati ya kuuma huko kuna furaha, tena si ndogo, nayo ndiyo inayonitia haya.

Rajabu amekwenda kulala kwa shemeji yake, mtaa wa Ng'ambo hapahapa mjini. Kesho anaondoka na treni na anataka jibu kabla hajapanda. Jora jipya lipo ndani. Alfajiri nitaliloweka lirudi kabla ya mkasi, hilo halina ubishi. Likikauka nitalitandaza mezani na kushika chaki.

Nitachora kwa kipimo cha mwili wa nani?