Ulilifunga Gari Langu Nyuma ya Safari Yako

Baba Neema,

Sikuandikii kukusalimu. Nimekulilia mwaka mzima, nimevaa nyeusi, nimeweka misa za kukuombea, na wanawake wa jumuiya wamenisifu kwa utulivu wangu mpaka nikachoka kusifiwa. Utulivu huo uliisha Jumamosi iliyopita. Nimekasirika, tena sana, na kwa kuwa aliyenikasirisha yuko kaburini, nitasema peke yangu mpaka nimalize. Kwa mara ya kwanza hutanikatiza.

Nina swali moja tu. Kile kiangazi ulichonifundisha kuendesha gari la gia, ulikuwa unanifundisha mimi, au ulikuwa unatayarisha gari? Huwezi kujibu, najua. Nitauliza hivyo hivyo. Na barua naiacha wazi, kwa hiyo nitayaeleza hata unayoyajua, ili wasiotujua nao waone ulichofanya.

Unalikumbuka gari langu la kwanza, lile la kijivu, la otomatiki, lenye hita mbovu? Nililipata kwa miaka miwili ya kupanga maboksi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kabla yake nilikuwa nasimama kituoni pale Malton, huku Kanada, alfajiri, theluji inaniingia masikioni, nasubiri basi, na basi likichelewa msimamizi hasikii sababu. Siku niliyoliegesha mbele ya jengo letu nilikaa ndani yake nusu saa bila kwenda popote. Ulinichungulia dirishani ukacheka. Ulijua kabisa maana ya gari kwangu, na ndiyo maana nina hasira.

Kiangazi cha 2008 ukaanza maneno. Gari limechakaa, tubadilishe. Nikasema sawa, tutafute otomatiki nyingine. Ukatikisa kichwa kana kwamba nimeutukana ukoo wako.

"Mama Neema, dereva wa otomatiki ni abiria aliyepewa usukani ili anyamaze. Mimi nataka wewe uwe dereva."

Wewe, uliyeendesha malori Tanga hadi Arusha ukiwa kijana, unaniambia mimi niwe dereva! Kichwa kilinivimba. Tukanunua lile gari dogo jekundu la gia, kwa jina langu na kwa jasho langu.

Kila Jumapili baada ya misa tulibaki kwenye maegesho nyuma ya kanisa mpaka watu wote waondoke. Ulinivua viatu. "Klachi haisikiki kwa kiatu," ulisema, "isikilize kwa wayo." Ulimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, ukakiweka juu ya dashibodi, ukasema siku ambayo chai haitamwagika nitakuwa nimehitimu. Ilimwagika wiki sita. Ilikumwagikia hadi kwenye suruali yako ya kanisani, na wewe, mtu wa kununa siku nzima kwa mchuzi uliopungua chumvi, hukusema neno. Ulipangusa kwa leso, ukamimina nyingine. Gari lilipozimika ghafla tukarushwa mbele kama magunia, ulicheka mpaka ukashika mbavu, nami nikacheka kwa sababu ulikuwa unacheka.

Wiki ya saba nilizunguka uwanja mzima, gia ya kwanza mpaka ya tatu na kurudi, na chai ikatikisika ikatulia. Uliichukua ukainywa yote, baridi vile vile, ukanibusu kwenye paji la uso mbele ya padri aliyekuwa anafunga mlango. Ulikuwa hunibusu mbele za watu. Tangu siku ile, mtu akiniuliza ni lini niliona kwa macho yangu kwamba mume wangu ananipenda, nilikuwa na jibu tayari.

Na ulinifundisha vizuri, hilo silikatai. "Ukishuka, vuta hendibreki," ulinirudia mara mia. "Hata ukiwa na usingizi, hata ukiwa na homa, mkono uende wenyewe." Mkono ukajifunza kwenda wenyewe.

Miaka mitatu baadaye ukaja na gari-nyumba, lile dude kubwa kama basi, lenye kitanda, jiko na choo ndani. Ulisema ukistaafu tutaivuka Kanada yote mpaka bahari ya upande wa pili. Sikukupinga. Niliona jinsi ulivyoshika ule usukani mkubwa, ukawa kijana tena. Nilishona mapazia ya madirisha yote, Baba Neema. Mapazia nane, kwa mkono.

Ukanieleza kwamba huwezi kwenda dukani kununua mkate na nyumba nzima, kwa hiyo watu wa safari hizo huburuta gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini, bila mtu ndani. Nikasema vizuri, tutaona gari gani. Wiki hiyo hiyo ukasema unalipeleka gari langu kubadilisha oili. Lilirudi jioni limekatwa bampa.

Nakumbuka nilivyosimama pale nje na ndala zangu. Ulikuwa umelipeleka Malvern kwa Mzee Tomas, yule fundi Mgoa aliyezaliwa Nakuru, anayefanya kazi hizi nyumbani kwake tangu astaafu. Mlikuwa mmefunga chuma kipana kwenye chesisi, nyuma ya bampa, ncha zake mbili zimetokeza mbele. Mlikuwa mmepitisha waya mpaka taa za nyuma, ili wewe ukifunga breki huko mbele, taa za gari langu ziwake. Na ndani, pale ninapoweka miguu, mlikuwa mmejaribishia sanduku lenye mkono wa chuma ulioshika pedeli. Ukanionyesha kwa furaha jinsi mkono ule utakavyokanyaga breki badala yangu.

"Mbona hukuniuliza?" nilisema.

"Ni bampa tu, Mama Neema."

Tulipoingia ndani, binti yako Neema naye, kwenye kochi, bila kuinua macho kwenye simu: "Mom, it's just a car." Mkaendelea na yenu. Jumatatu wenzangu ghalani wakaniuliza kifaru wangu anakula nini. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni, na hilo sikuwahi kukuambia.

Safari yenyewe ilikuwa moja. Tulikuwa tunaenda kaskazini, ziwani, siku tatu. Nilikaa kwenye gari langu, wewe nyuma ya gari-nyumba unapiga kelele: sogeza, simama, rudi kidogo, hapo hapo! Ukaunganisha gari langu na lako kwa fito mbili za chuma, ukafunga minyororo, ukachomeka waya. Nikaweka gia huru ulivyoagiza. Nikaacha ufunguo mahali uliposema, ili usukani usijifunge. Nikashuka, na mkono ukaenda wenyewe.

Hatukumaliza hata nusu saa barabarani. Dereva mmoja akatupigia honi, anaonyesha nyuma. Tulipoingia kituo cha mafuta, magurudumu ya nyuma ya gari langu yalikuwa yanatoa moshi, mpira umelika mpaka nyuzi zinaonekana, harufu yake inachoma pua. Ukafungua mlango, ukaiona hendibreki imevutwa.

"Nani alikufundisha upumbavu huu?"

Ulisema kwa sauti kubwa, watu wamesimama na mipira ya mafuta mikononi. Wanaume, wake zao, wote wananitazama. Nikakujibu, "Wewe." Ukageuka ukaanza kufungua minyororo. Hukuomba radhi pale, hukuomba tulipofika nyumbani, hukuomba kamwe. Nilikusamehe bila kuombwa, kwa sababu nilikuwa bado na kile kiangazi. Nilijiambia, mtu aliyemwagikiwa chai wiki sita bila kusema neno ana haki ya kukosa uvumilivu siku moja.

Miezi minane baadaye moyo wako ukasimama kazini, zamu ya mchana, hata kustaafu hujaonja. Hilo nalo limenikasirisha, ingawa najua hukupanga. Mengine ulipanga.

Sasa nikuambie Jumamosi. Nilikuwa nimepata wanunuzi wa gari-nyumba, na walitaka na gari dogo pamoja nalo, kwa kuwa tayari limefungwa vyuma. Nikaenda Malvern kumwomba Mzee Tomas anionyeshe jinsi ya kuunganisha fito na kuweka lile sanduku la breki, niweze kuwaelekeza. Alinipokea vizuri, mkewe akaniletea chai na mandazi. Tukiwa tumeinama mbele ya gari, mzee akapigapiga kile chuma kwa spana, akatabasamu.

"Mume yako alikuwa mtu ya mpango sana, Mama. Hii gari hamjanunua bado, yeye alikuja hapa kuniuliza gari gani ndogo inaweza kuburutwa. Mimi nilimwandikia karatasi. Nikamwambia, otomatiki nyingi utaunguza gia, kwa sababu injini ikizimwa oili ya gia haizunguki. Chukua ya gia. Akasema, 'Mke wangu hajui gia.' Mimi nikasema, 'Basi si umfundishe?'"

Akacheka, mzee wa watu. Alidhani ananipa zawadi. Nikamuuliza kama ana uhakika ilikuwa kabla ya kununua. Akasema ana uhakika, maana ulimpigia simu ukiwa bado kwa muuzaji, kumsomea jina la gari.

Niliendesha kutoka Malvern mpaka Malton bila kuwasha redio. Kila nilipokanyaga klachi nilikuwa nakutukana. Dereva wa otomatiki ni abiria! Nataka wewe uwe dereva! Na mimi nilivyolibeba neno lile, Baba Neema. Nimewahi kulisema mbele ya wanawake kwenye kikao, nikisimulia jinsi mume wangu anavyonithamini. Wewe ulikuwa umekaa pembeni, unasikiliza, unakula sambusa.

Chai ile yote, busu lile, kwa ajili ya orodha ya fundi? Ulivumilia kumwagikiwa kwa sababu ulikuwa na haraka nihitimu? Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia inawezekana ulianza kwa sababu ya gari ukaendelea kwa sababu yangu. Inawezekana kicheko kile kilikuwa cha kweli. Ila sasa lazima nijitafutie mwenyewe siku niliyopendwa, nipekue kila Jumapili ya kiangazi kile kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, na zamani sikuhitaji kutafuta. Ilikuwepo tu. Umeniachia mapazia nane na mashaka.

Nilimpigia simu Neema. Akasikiliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba angalau nilijifunza kitu. Nikamkatia simu. Nitamwomba radhi kesho, si leo.

Usiku huo niliamua kuuza vyote. Sikutaka kuliona tena gari lile.

Jumapili wanunuzi wakaja kutoka Richmond Hill. Mzee Mwismailia, mfamasia mstaafu, na mkewe Shirin, wote wazaliwa wa Mwanza. Waliposikia lafudhi yangu wakaacha Kiingereza hapo hapo, tukawa ndugu kwa dakika kumi. Shirin akasifu mapazia. Nikawaonyesha kitanda, jiko, mabomba. Kisha tukaenda kwenye gari jekundu. Nilikuwa nimeshika ufunguo, namngoja tu mzee anyooshe mkono.

Shirin akachungulia ndani. "Hii ya gia! Mimi naendesha otomatiki miaka yote. Kwa nini tusichukue otomatiki?"

Nilitaka nisikie mzee atakavyomzunguka. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kumwambia yule mama, hata kama yangevunja biashara.

Mzee akasema, "Kwa sababu hii inaweza kuvutwa nyuma ya ile kubwa, otomatiki nyingi haziwezi. Ni kwa ajili ya safari yangu, Shirin, sikufichi. Utakubali kujifunza?"

Shirin akafikiri kidogo. "Nitajifunza. Lakini usinipigie kelele."

"Sitapiga."

"Haya basi," akasema, akamshika mkono, akaanza kumuuliza habari za matairi.

Ilikuwa hivyo tu. Niliwaambia gari-nyumba ni lenu, na fito, na minyororo, na sanduku la breki chukueni, lakini gari dogo haliuzwi. Mzee akashangaa, akataka kujua kama kuna kasoro. Nikasema halina kasoro yoyote. Shirin alinitazama usoni, kisha akamvuta mumewe wakaondoka bila kubishana.

Nilikaa ndani ya gari langu mpaka jua likazama. Nilikuwa nalia kwa hasira, usije ukadhani ni kwa huzuni. Miaka yote ile nimekupikia, nimekuzalia, nimekufuata mpaka nchi hii ya barafu, na uliona ni rahisi zaidi kunidanganya kiangazi kizima kuliko kuniuliza swali ambalo yule mzee aliliuliza akiwa amesimama, mbele ya mgeni, kabla hata hajafunga koti. Ningejifunza, Baba Neema. Ningevua viatu. Ningesema ndiyo hata hujamaliza kuuliza.

Pumzika, kama unaweza.

Mkeo ambaye hukumuuliza,
Mama Neema