Folda ya Uhalifu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Ukungu tena. Mtaa wote wa Majengo kama umelowekwa kwenye maziwa — bati moja hapa, mnara wa msikiti pale, katikati hakuna kitu. Fundi Feruzi akatokea, anarudi kutoka kuswali. Koti refu, kofia ya koti kichwani, furushi kwapani. Nilimtazama kutoka dirishani mpaka akafungua duka lake hapa chini. Cherehani ikaanza kulia, nami nikahisi dunia iko salama.

Mwezi wa sita nilimpiga picha hivihivi, kwa simu. Sijawahi kupiga nzuri kama ile. Munene, mhariri wetu, aliisifu, akasema niiweke kwenye kompyuta ya ofisi. Nilitembea siku nzima kama sikanyagi chini.

Alhamisi, 7 Agosti

Gazeti limetoka. Ukurasa wa tatu: nyaya za umeme zimeibwa Kiriaini. Kiriaini, mji mwingine kabisa! Na juu ya habari, picha yangu. Chini yake: "Wezi hutumia vichochoro kuficha mali. Picha ya maktaba."

Furushi lile lilikuwa sare za watoto wa shule.

Niliisoma nimesimama. 

Ni mimi niliyeiweka maktaba, kwenye folda ya Uhalifu. Siku yangu ya kwanza, Phyllis, karani aliyekuwepo kabla yangu, alinionyesha folda: Kilimo, Siasa, Kanisa, Michezo, Uhalifu. Nikauliza, na picha za Majengo? Akasema, bila ubaya wowote, akimenya ndizi: "Hizo weka Uhalifu. Ndiko wahariri watazitafuta." Nikaweka. Mwaka mzima nimekuwa nikiweka. Hata harusi moja iko humo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikutoka chumbani hadi saa nne. Vijana wa bodaboda walikuwa mlangoni kwa Fundi. "Mzee wa waya! Leo umetuletea mita ngapi?" Wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo. Kisha cherehani ikanyamaza.

Akaniita. "Murugi, mwanangu, hebu shuka."

Nilidhani amejua ni mimi. Hakuwa amejua! Alikuwa ameukata ule ukurasa kwa mkasi wake wa kazi, umenyooka kabisa. Shule ya Tetu anayoishonea imempigia simu. Mwalimu mkuu anasema sare za muhula wa tatu zisubiri, wazazi wanauliza maswali. Vitambaa vimeshakatwa, vimejaza rafu.

"Miaka kumi na tisa nawashonea," akasema. "Wewe umesoma, tena uko hukohuko gazetini. Niandikie barua. Sitaki ugomvi. Nataka aliyepiga picha aje aniambie aliona nini."

Nikasema sawa, Fundi. Akanimiminia chai ya tangawizi. Nikainywa. Niliinywa yote.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Usiku wa kuamkia leo niliota folda imefunguka, watu wa Majengo wanatoka mmoja mmoja ndani ya ukungu, bibi harusi mbele. Hawana hasira. Wananiuliza majina yao, na mimi nina namba za picha tu.

Barua nimeiandika mara tatu. Ya mwisho ni nzuri, naona haya kusema hivyo. Fundi aliisoma kwa sauti, akatia sahihi. "Maneno yako yana heshima," akaniambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Barua za ofisi hupitia kwangu. Nikaigonga muhuri wa kupokelewa — barua niliyoiandika mwenyewe, inayonitafuta mimi.

Munene akaisoma akitafuna kalamu. "Ati nini? Kwani tulimtaja jina? Si tumesema ni ya maktaba?"

Nikamwambia shule imesimamisha kazi yake. Akaisoma barua tena. Si mtu mbaya. Kisha: "Na hii picha ni ya nani, kwanza?"

Amesahau! Aliisifu, akasahau. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na yeye ndiye anayeamua. Nikasema haina jina la mpiga picha.

Nimesema hivyo. Ni heri niandike hapa kuliko yasiandikwe popote.

"Basi mpige ingine. Akiwa kwa cherehani, anasmile. Tuweke ukurasa wa biashara, mambo iishe."

Nikauliza, na kuomba radhi?

"Tukianza kuomba radhi, Murugi, tutakuwa tunaomba kila wiki."

Alipoenda kula nilifungua Uhalifu. Picha ishirini na tatu. Kumi na tisa ni za Majengo. Nikatengeneza folda mpya, nikaiita Majengo. Harusi nikaihamisha kwanza.  Bibi harusi anacheka, mvua inamnyeshea. Nilimtazama mpaka nikasikia viatu kwenye ngazi.

Jumanne, 12 Agosti

Naandika haya dukani kwa Fundi, kwenye kiti cha wateja. Ukungu umeingia hadi ndani, umekaa juu ya vile vitambaa vya sare. Yuko nyuma ya pazia, anavaa shati jeupe kwa ajili ya picha. Mwalimu mkuu anapita saa tisa. Fundi amemwita aje aone gazeti likirekebisha. Anadhani watarekebisha. Sijamwambia ni picha tu, bila neno lolote.

Kabla hajaingia aliniuliza, "Na mpiga picha? Walikuambia ni nani?" Nikamwambia avae kwanza.

Naweza kusema hawajui. Uongo huo nimeshausema mara moja, haukuniua.

Anapiga mluzi kule nyuma. Mluzi umekatika. "Murugi, mbona hujanijibu?"

Sauti ya upole kabisa, kama anauliza saa.

Nimemwambia: maliza vifungo, Fundi, uje ukae. Nakujibu mwenyewe.

Nakujibu mwenyewe! Yametoka, siwezi kuyarudisha. Shati lina vifungo vingapi?