Dakika Mbili za Mzee Rukundo

Mjukuu wangu Amina,

Hapa Gihundwe tumeamka wazima. Mama yako amevuka mpaka kwenda sokoni Bukavu, na goti langu linasumbua kidogo tu.

Unauliza kama ni vizuri kuupanga mtambo wa simu wa ofisini kwenu ukate mazungumzo baada ya dakika mbili, kama shefu wako, mkuu wa ofisi, anavyotaka. Mimi niliupanga wetu hivyo wakati nafanya kazi kwenye ofisi ya malori, Kamembe.

Siku moja dereva wetu, Mzee Rukundo, alinipigia simu kutoka parokia moja njia ya Bweyeye, akanisalimia kwa Kiswahili cha kwao. "Maman, habari ya asubui? Papa eko muzuri? Batoto banaamuka?" Simu ikakatika. Akapiga tena, akaanza upya na Papa, yaani babu yako. Ikakatika kwenye batoto, watoto wangu.

Kumbe, kama tulivyokuja kujua, lori lilikuwa limepinduka. Alitembea usiku kucha kuifikia simu ile, na mkono umevunjika.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakusema moja kwa moja. Akanishangaa. "Ningeomba musaada namna gani, bila kujua kama batoto beko bazima?"

Nilizifuta zile dakika siku hiyohiyo. Wewe sikiliza kwanza watu wenu wanasalimiana kwa muda gani, ndipo upange.

Na ukinipigia, usianze na mtambo. Anza na goti.

Bibi yako