Pampu Nyekundu ya Shemeji Melkizedeki

Same,
10 Novemba 1974

Mpendwa dada yangu Eliakunda,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeketi, watoto wameshakula, na mama yuko karibu nawe. Nasikia goti lake limeanza tena kumsumbua tangu ukungu ulipoanza kushuka huko Myamba. Mwambie asiende shambani kwenye umande. Najua hatasikia, lakini mwambie. Mimi ni mzima wa afya. Joto la huku limenikausha ngozi, na upepo wa Same hauna adabu, unatia vumbi hadi kwenye chungu cha makande, ila sina ugonjwa. Tangawizi uliyonitumia ilifika salama. Nusu nilimpa mama mwenye nyumba wangu, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayewahi kunijulia hali asubuhi.

Najua unachotaka kusikia kwanza ni hali ya shemeji. Mikono inapona. Wa kushoto umeanza kushika ngozi mpya. Wa kulia bado umefungwa, na daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike kama zamani, lakini hataupoteza mkono. Anatembea, analala vizuri, na wiki ijayo wakimruhusu atapanda basi kuja nyumbani. Ulifanya vema kumsikiliza mkunga alipokukataza kushuka na mimba kubwa hivyo. Ungefika huku na barabara ile, tungekuwa na wagonjwa wawili.

Habari za moto umezisikia vipande vipande, na kila mpita njia ameongeza chake. Nataka uzisikie zote kutoka kwangu, tangu mwanzo. Nivumilie, maana barua ni ndefu.

Unaijua ile pampu nyekundu ya kuvutwa na gari, ambayo wafadhili wa ng'ambo walikipa kikosi cha zimamoto cha shemeji mwaka jana. Nadhani alikusimulia mpaka ukachoka. Mimi nilikuwepo siku ya kuijaribu pale karibu na stesheni. Waliuchovya mpira mmoja kwenye tangi la maji la reli, wakawasha injini, na maji yakaruka juu ya paa la stesheni hadi upande wa pili. Watu wakapiga vigelegele. Shemeji alilowa chapachapa, akawa anacheka tu.

Wafadhili hao walitoa kwa sharti. Kila baada ya miezi mitatu ofisi yetu ya wilaya iwapelekee taarifa ya vifaa vyao, viko wapi, vina hali gani na vimefanya kazi gani. Tena anayevitunza asiwe ndiye anayevithibitisha. Mtu mwingine aende, aone kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Mtu huyo mwingine nikateuliwa mimi. Nilimwambia Bwana Respicius, mkuu wa sehemu yetu, kwamba mkuu wa zimamoto ni mume wa dada yangu. Akacheka, akasema mji huu ni mdogo, akitaka karani asiye na ndugu itabidi amwagize kwa meli. Nami nikacheka. Nilikuwa naenda bandani, naigusa pampu, namtania shemeji kwamba anaipenda kuliko wewe, natia sahihi.

Moto ule ulitokea alasiri, upepo ukiwa mkali, katika nyumba ya Kuluthumu. Humjui. Ni mama wa Kigoma, aliyekuja na mumewe wakati wa kazi za mkonge. Mume akafariki, yeye akabaki hapa na binti yake Safia, anakaanga maandazi na kushona nguo. Siku hiyo alikuwa ametoka kununua unga. Upepo ukapeperusha makaa ya jirani hadi kwenye paa lake la makuti. Mimi niliuona moshi kutoka dirisha la ofisi, nikakimbia kama kila mtu.

Shemeji na vijana wake walifika haraka sana. Lakini dada, walifika na ndoo na sepetu. Nilitazama nyuma ya gari lao, pampu sikuiona. Watu wakapanga mstari kutoka kwenye tangi la reli, wakapokezana ndoo, na upepo ule ukawa unayacheka maji yetu. Ndipo Kuluthumu akatokea anakimbia, unga umemwagika wote kwenye kanga yake, anapiga kelele kwamba Safia yumo ndani, amelala, ana homa. Shemeji hakumngoja amalize. Alijitia blanketi lililoloweshwa, akaingia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwa nje, na mnyororo ule ulikuwa umekwisha kuwa moto. Aliufungua kwa mikono mitupu. Alipotoka alikuwa amemkumbatia yule mtoto kwa viwiko, kwa sababu viganja havikuwa tena vya kushikia kitu.

Safia hajambo. Ameungua kidogo mguuni, basi. Nyumba iliteketea yote, pamoja na cherehani na kila alichoachiwa na mumewe, na vyumba viwili vya majirani vikaenda nayo.

Mji mzima ulimsifu shemeji, na alistahili. Watu walimpelekea hospitali mayai, maziwa, hata kuku. Mimi nilikuwa naenda jioni kumlisha uji kwa kijiko, na kila nilipotaka kumuuliza habari za pampu nilimwangalia zile bandeji, nikaona haya.

Kisha ukafika wakati wa taarifa. Bwana Respicius alikuwa ameshaiandika, imebaki sahihi yangu. Ilisema kwamba pampu ipo Same, ni nzima, na kwamba ilitumika kuuzima moto ambao mkuu wa kikosi aliokoa mtoto ndani yake. Nilimwambia pampu sikuiona siku ile. Akafunga mlango. Hakunifokea. Alinieleza kwa upole kwamba wafadhili wamekubali kufikiria gari kamili la zimamoto, na kwamba taarifa nzuri kama hii ndiyo itakayolileta. Alisema amewahi kuona ghala la mkonge likiungua na watu ndani, na kama karatasi moja inaweza kuleta gari, yeye haoni dhambi yake. Nikamwomba siku chache. Akasema nimuulize shemeji yangu, labda yeye atanielewesha.

Nikaenda kumuuliza. Akasema, "Iko bondeni, upande wa Bendera. Mwambie Filipo akupeleke. Ukiona, ndipo tuzungumze."

Filipo, dereva wa kikosi, ndiye huyu anayekuletea barua hii. Alinipeleka kesho yake. Huko chini kuna kijiji kipya cha ujamaa. Watu wamehamishiwa pale kutoka sehemu mbalimbali, wakaahidiwa maji ya kisima, na injini ya kisima ikafa kabla mahindi hayajaota. Na mvua, kama unavyojua, mwaka huu imetukataa. Nilikuta pampu nyekundu imeegeshwa kando ya mto, ambao kwa mamba wake hakuna anayethubutu kuteka, inanguruma, mpira wake umepita kwenye nyasi hadi kwenye tangi walilojijengea kwa mawe. Wanawake walikuwa wanateka. Mmoja wao, Ernesta, aliponiona nimetoka Same alidhani nimekuja kuwapongeza. Aliniambia kwamba kabla ya pampu walikuwa wakinywa maji ya madimbwi pamoja na ng'ombe, na kwamba yeye alizika mtoto wake wa mwisho kwa kuhara. Mkuu wa zimamoto, akaniambia, alikuwa amekuja kuwafundisha kufyeka barabara za kuzuia moto, akawakuta wanatoka makaburini. Hazikupita wiki nyingi akarudi na pampu.

Nilipewa maji kwenye kata, nikanywa. Nikasema asante.

Niliporudi hospitali shemeji alinieleza yaliyobaki. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mdomo, akaambiwa angoje kikao. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena. Nilipokwisha kukagua mara ya mwisho, akaamua kuipeleka kwa muda mfupi tu, mpaka injini yao itengenezwe, na injini haikutengenezwa. Kila wiki alikuwa anasema wiki ijayo ataifuata. Filipo peke yake ndiye aliyejua. Nilimuuliza, sasa nifanye nini shemeji, karatasi inaningoja. Akageuza uso ukutani, akasema, "Tia sahihi, Rogathe. Gari likija, Same watakuwa na gari na Bendera watakuwa na maji. Nani ataumia?"

Nilitoka pale nimeshakubali moyoni. Lakini nje, kwenye kibaraza cha hospitali, alikuwa ameketi Kuluthumu na Safia, wamemletea uji. Sasa wanalala kwa jirani, chumba kimoja watu saba. Nikaketi nao. Akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, ile mashine nyekundu iliyorusha maji stesheni siku ile ilikuwa wapi nyumba yake ilipokuwa inaungua. Nilimjibu kwamba sijui. Dada, nilikuwa nimetoka kuigusa. Nikamtazama usoni nikamwambia sijui.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Utasikia kwa watu kwamba shemeji amevuliwa uongozi wa kikosi, na kwamba kuna mtu ofisini aliyemsaliti. Mtu huyo ni mimi. Hakuna mwingine. Nilikataa ile taarifa, nikaandika nyingine kwa mkono wangu. Nikaandika kwamba pampu haikuwepo Same siku ya moto, kwamba ilipelekwa na mkuu wa kikosi bila idhini, na nyumba ya nani iliungua. Nikaandika pia kwa nini aliipeleka, na injini ya kisima imekufa tangu lini, na wanaokunywa maji yale ni akina nani. Nikaandika kwamba hakuuza hata tone. Na nikaandika kwamba aliingia motoni akijua pampu haipo na kwa nini haipo. Chini nikaongeza kwamba ni mume wa dada yangu, ili anayesoma ajue, na kwamba siku nyingine atumwe mtu asiye ndugu.

Bwana Respicius aliisoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Umelifukuza gari, binti." Lakini hakuichana. Aliiweka yake kando, akaipeleka yangu.

Kamati ya wilaya ilikaa. Wapo waliotaka shemeji apelekwe mahakamani. Aliyewazuia ni Kuluthumu, ambaye hata hawakumwita. Aliingia tu, akasimama mlangoni. Alisema mtu yule alimtolea mwanawe motoni, na pampu ya mtu yule haikuja nyumba yake ilipoungua, na yeye hataki waandike moja waache jingine. Alisema kumfunga hakutamrudishia cherehani. Ikaamuliwa avuliwe uongozi, na akipona arudi kazini kama askari wa kawaida wa kikosi, mshahara upunguzwe. Najua maana ya hilo kwa sare na madaftari ya watoto. Sehemu ya mshahara wangu itakuja kwako kila mwezi, na usiirudishe.

Pampu imerudi Same. Siku walipoing'oa mtoni Filipo anasema wanawake hawakusema neno, walisogea tu kuipisha njia, na ile kwangu ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Walirudi kwenye madimbwi. Ila taarifa iliposomwa mkoani, fundi aliletwa na spea zake, na tangu wiki iliyopita kisima kinatoa maji. Nilikwenda mwenyewe kuona kabla ya kuamini. Ernesta alinitazama tu, hakunisalimia, nami sikumlaumu. Habari za gari la zimamoto ziko kimya. Wafadhili wamejibu kwamba watamtuma mtu wao kwanza.

Shemeji alipoambiwa ni mimi niliyeandika, alikataa chakula changu. Akawa analishwa na Kuluthumu. Nilikuwa naleta uji, nauweka mlangoni, naondoka. Juzi nilipouweka aliniita ndani. Hakutaja taarifa. Aliniambia kwamba tangu pampu ilipoondoka bandani alikuwa halali vizuri, akisikia mtu anapiga kelele barabarani anashtuka, na kwamba sasa analala. Kisha akaniomba jambo moja, nikuandikie wewe kila kitu kabla hajafika, maana yeye hawezi kushika kalamu, na hata angeweza asingejua aanzie wapi.

Basi nimeandika. Dada, wewe ndiye uliyenisomesha kwa pesa za vitunguu vyako baba alipofariki, na mkono uliojifunza kuandika kwa jasho lako ndio ulioandika jina la mumeo. Sikuombi useme nilifanya vema. Mimi mwenyewe zipo siku siamini. Ukiwa na hasira, iwe juu yangu, usimwekee yeye. Atakuja amechoka na ataona aibu mbele ya watoto. Waambie baba yao alifungua mnyororo wa moto kwa mikono yake. Hayo mengine watayauliza wakikua, nawe utawajibu.

Mlangoni mpokee wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Begi usimwachie abebe.

Nisalimie mama na umsomee sehemu unazoona anaweza kuzibeba. Nisalimie kaka Tumainieli na mkewe, na watoto wote kwa majina yao. Filipo atalala huko na kuondoka asubuhi yake. Ukitaka kunijibu mpe yeye, hata kama ni neno moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Rogathe